Leta au Leka

Tuliachana wiki iliyopita nikiwa nimening'inia. Hilo si fumbo. Nilikuwa nimetundikwa kwa mkanda wangu wa shule kwenye ndoano ya tela, pale Chapwa malori yanakosubiri kuvuka mpaka, miguu ikipiga hewa kama ya kuku anayesubiri maji ya moto.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nafupisha kwa heshima zote.

Shule ya bweni ilinifukuza. Baba yangu, Mzee Anyosisye wa milima ya Ileje, aliapa kwamba nikikanyaga uani kwake atanivunja miguu, na baba si mtu wa kuacha kazi nusu. Shangazi Roda, dada yake, akanipokea Tunduma na kunipa kitanda. Shangazi ni bodaboda. Simaanishi kwamba anapanda bodaboda. Yeye ndiye anayeendesha. Alipokwenda msibani Isongole aliniachia pikipiki na agizo fupi: "Zebedayo, ioshe. Kuosha tu."

Niliiosha. Ikang'aa. Halafu nikaipeleka Chapwa, nikaiweka kwenye karata, nikaliwa.

Aliyenila ni Bashiri Kreni. Nilipomwambia kwamba ulikuwa utani, vijana wake wakanifundisha matumizi mengine ya ndoano.

Bashiri ni mkubwa wa makuli wote wanaopakia na kupakua pale. Kwao ni Tanga, na Kiswahili chake ni laini hadi unatamani akutukane. Anakuita "mwanangu" kabla ya kukupiga. Baada ya kukupiga anasema "pole." Katikati hasemi kitu. Jina la Kreni alipewa kwa sababu humnyanyua mtu mzima kwa mkono mmoja, akamtazama kidogo, kisha akaamua amweke wapi.

Basi niko juu pale, jua la mchana linanikaanga utosi, mara nikasikia sauti chini.

"Iwe, Zebe! Unafanya nini huko?"

Alikuwa Chileshe, dereva Mzambia mwenye mabega ya mlango, lori lake la mbolea limekwama kwenye foleni. Kiswahili chake kinatosha kuombea chakula na kupatana bei. Kinapoishia, anajazia Kibemba.

"Natafuta mtandao, mukwai," nikamjibu kwa heshima ya kwao.

Hakucheka. Akapanda gurudumu, akaukata mkanda kwa kisu cha kumenyea miwa. Nilianguka kifudifudi na kupoteza kipande cha jino. Lilikuwa jino la kwanza la siku ile, na ndilo lililotoka kwa amani.

"Nani amekufanya hivi?"

Nikamweleza. Nilipofika kwa mwenye pikipiki, akanishika kola.

"Ya bamayo Roda?"

"Ndiyo. Ya Shangazi."

Niwaeleze jambo moja. Shangazi alimbeba Chileshe mara moja tu, kumpeleka sokoni, na njia nzima alimgombeza kwa kukaa vibaya. Tangu siku hiyo, kila akifika Tunduma ananiuliza kama bamayo, yaani mama, amekula. Nikimwambia amekula, anafurahi kana kwamba yeye ndiye aliyepika.

Akaiachia kola yangu. Akaenda kwenye lori lake, akarudi amebeba jeki begani, ile kubwa ya kunyanyulia tela. Akaelekea moja kwa moja kwa Bashiri.

Nilifumba macho. Nilijua anakwenda kumpasua kichwa.

Akaitua jeki chini. Vumbi likaruka.

"Tucheze," akasema. "Pikipiki. Jeki."

Bashiri alikuwa ameketi juu ya kreti la soda kivulini mwa tela, ufunguo wa Shangazi umening'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Pikipiki ilisimama nyuma yake, safi kuliko mtu yeyote pale. Akaigonga jeki kwa ncha ya ndala.

"Jeki nzuri hii, bwana. Tairi likipasuka njiani utafikaje kwenu?"

"Nitabeba lori kichwani."

Makuli wakacheka. Bashiri naye akacheka, kwa hiyo wakanyamaza.

"Mkono mmoja tu," akasema Bashiri. "Anayeshinda anachukua vyote viwili. Mtoto agawe. Yeye ndiye profesa."

Vidole viwili vya Bashiri vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjika Jumapili kwenye taya la mtu. Hakuweza kuchanganya karata.

Nikapiga hesabu. Chileshe akishinda, pikipiki inarudi uani kabla Shangazi hajashuka kutoka Isongole, nami naendelea kuwa na kitanda. Akishindwa, hakuna nyumba nyingine Tanzania nzima itakayonipokea isipokuwa ya baba. Na huko nitaingia kwa miguu na kutoka kwa machela.

"Eleza sheria," akasema Bashiri. "Wote wasikie, mtu asije kulia baadaye."

Nikasimama. Mimi, ndugu zangu, nimesoma bweni. Huko nilijifunza mambo mawili: kukariri, na ishirini na moja. Ni mchezo uleule wanaoucheza wenye suti kwenye kasino, isipokuwa sisi tuliucheza chini ya kitanda kwa vipande vya sabuni. Nikakohoa kama mwalimu wa zamu.

"Mabibi na mabwana," nikaanza, ingawa mabibi hawakuwepo. "Mchezo unaitwa ishirini na moja. Mchezaji anapambana na benki. Leo benki ni Bosi Bashiri, mimi ni mikono yake tu. Kila upande unapewa karata mbili. Za mchezaji zinalala wazi. Benki inaweka moja wazi na moja imefunikwa, na hiyo iliyofunikwa haichunguliwi na mtu hadi mchezaji amalize. Hata benki mwenyewe haruhusiwi."

"Endelea," akasema Bashiri.

"Unajumlisha. Anayeikaribia zaidi ishirini na moja ndiye mshindi. Ukizidi, umepasuka, na hakuna rufaa. Karata ya namba ina thamani ya namba yake. Jeki, kwini na kingi, kila mmoja ni kumi."

"Jeki ni kumi?" Chileshe akauliza, akiitazama jeki yake kwa heshima mpya.

"Ile ya kwenye karata, mukwai. Sasa, mchezaji akitaka karata nyingine anasema leta. Akitosheka anasema imetosha, basi, hapewi tena. Benki yenyewe haina hiari. Ikiwa chini ya kumi na saba lazima iongeze. Ikifika hapo, isimame."

"Leta," Chileshe akarudia. "Imetosha." Ile ya pili aliitoa kwa shida, kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

"Na ree je?" akauliza Jairo, kuli mmoja mwembamba, Mnyiha wa Vwawa, ambaye hajawahi kumdhuru mtu.

Hapo nilipaswa kujibu na kukaa. Lakini walimu wangu wote, ambao hawakukubaliana juu ya lolote, waliandika neno moja kwenye ripoti yangu: mdomo.

"Ree ni moja au kumi na moja, kutegemea mazingira," nikasema. "Ni kama Bosi Bashiri. Mbele yetu sisi ni kumi na moja. Mbele ya polisi ni moja."

Bashiri akainuka kwenye kreti.

"Mwanangu," akasema Bashiri.

Sikuuona mkono. Kiganja kizima kilitua juu ya sikio langu la kushoto, nikazunguka, nikakaa chini bila kupanga. Mate yalikuja na chumvi. Ndani ya sikio kitu kikaanza kulia kama birika lililosahauliwa jikoni.

"Pole," akasema Bashiri. "Gawa."

Naomba mlikumbuke sikio hilo. Kesi yote inasimama juu yake.

Tulitandika boksi lililopasuliwa chini, katikati yao. Nikachanganya. Nikagawa. Chileshe akapata kumi ya shupaza. Bashiri akapata kingi wa pau, wazi. Chileshe tena, nane ya uru. Bashiri tena, hii nikaifunika.

Chileshe ana kumi na nane.

Kwa kumi na nane mtu mwenye akili hasogei. Karata yoyote inayozidi tatu inakuzika. Nikamkonyeza Chileshe asije akawa na tamaa, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Nyuma yetu lori likawashwa na kunguruma. Birika sikioni likachemka zaidi. Chileshe akanyanyua kiganja, akatamka neno moja.

Nikampa karata.

Ilitua kifudifudi juu ya boksi, mgongo wake juu. Kabla sijaigeuza, Chileshe alikuwa amenikamata mkono.

"Iwe! Natila leka! Nimesema leka!"

Mnaokaa mbali na mpaka, nivumilieni. Kwa Kibemba, leka maana yake acha. Kwa Kindali, lugha ya mama yangu, leka ni acha. Wanyiha wanasema leka, na Wanamwanga pia. Kabla sijajua kutembea nilikuwa nimeambiwa leka mara nyingi kuliko nilivyoitwa jina langu. Lakini kule bweni aliyekamatwa na neno la kwao alivishwa kibao shingoni na kuchapwa. Mimi nilichapwa kwa ajili ya leka hadi sikio langu likakata uhusiano na neno hilo. Siku ile, katikati ya birika na injini, lilipoletewa maneno mawili lichague, likachagua la Kiswahili.

Leta. Leka. Herufi moja. Kwa herufi hiyo watu wakatoka damu.

"Amesema leta," akasema Bashiri. Yeye Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza na ya mwisho. "Karata ni yake. Igeuze apasuke, twende zetu."

"Awe, hapana! Nina kumi na nane, niseme leta? Mimi ni mjinga?"

"Hilo sijaulizwa. Jairo! Ulisikia nini?"

Jairo alikuwa amesikia leka. Nilimwona usoni. Alikuwa amelisikia kwa sauti ya mama yake.

"Bosi, mimi nilisikia kama... le... le..."

Ngumi ilimpata mdomoni. Bashiri aliipiga kwa mkono uleule wenye vidole vilivyovunjika, na uso wake haukukunjamana hata kidogo. Jairo akatema jino kiganjani, akalitazama kama mtu aliyepewa chenji isiyo sahihi.

"Ulisikia nini, mwanangu?"

"Leka, bosi..."

Ya pili ikampata pua. Niliusikia mfupa, na nilikuwa na sikio moja. Jairo akapiga magoti, damu ikashuka kidevuni na kuingia kwenye shati.

"Leta," akasema kwa shida. "Leta kabisa, bosi. Nimekumbuka."

"Pole. Na ninyi wengine?"

Makuli wote wakakumbuka kwa mpigo mmoja. Sijawahi kuona kwaya iliyokamilika bila mazoezi namna ile.

"Leta!"

Bashiri akainama, akanyoosha mkono kuigeuza karata. Chileshe akaukanyaga.

Akaukanyaga kwa buti la safari, kisigino juu ya vidole vilivyovunjika, akaegemea. Kwa mara ya kwanza nikasikia Bashiri Kreni akitoa sauti isiyo laini.

Yaliyofuata nayasimulia kama nilivyoyaona, yaani kutoka chini. Kwa sababu nilifikiri haraka: karata zikipeperuka, mkono umekufa, na mkono ukifa pikipiki inabaki kwa mwenye ufunguo. Nikajirusha juu ya boksi na kulala kifudifudi, tumbo juu ya karata tano, mikono juu ya kichwa. Nilikuwa hati ya ushahidi.

Bashiri alipanda na kichwa. Paji la uso wake lilikutana na kidevu cha Chileshe, meno yakagongana. Kisha akamshika Mzambia yule mkanda wa suruali kwa mkono mzima, akamnyanyua. Chileshe! Mtu wa mabega ya mlango! Akamtazama kidogo, kama kawaida yake, kisha akaamua kumweka ubavuni mwa tela. Bati lilibonyea. Chileshe alianguka, akaamka na mpini wa jeki mkononi.

"Pole, bwana," Bashiri akasema, mapema mno.

Mpini ulimpata gotini. Lilitoa mlio wa muwa mkavu.

Hapo makuli wakaingia. Mmoja aliruka na spana ya magurudumu, Chileshe akainama, spana ikampata kuli mwenzake begani, nao wawili wakaanza kesi yao binafsi pembeni. Mtu alinipiga teke mbavuni. Mwingine akanikanyaga mgongo kwa kupita tu, bila chuki. Damu ya mtu ilidondoka shingoni mwangu, ya moto, nikajiuliza ni ya nani, nikaona si adabu kuuliza. Bashiri, akiruka kwa mguu mmoja, alikuwa ameipata kamba ya kufungia mizigo, anaizungusha shingoni mwa Chileshe. Chileshe alikuwa akimchoma kiwiko tumboni, tena, na tena, na kila kiwiko uso wake ulizidi kuwa wa zambarau.

"Leka!" Chileshe akakoroma. "Leka!"

Safari hii hata Bashiri alielewa. Hakuacha.

Kitu cheupe kikapita juu yangu. Kikatua kichwani mwa Bashiri kwa mlio wa nazi. Kikapanda, kikashuka tena. Bashiri akaiachia kamba, akakaa chini polepole, kama mgeni aliyeoneshwa kiti.

Ilikuwa kofia ngumu ya pikipiki. Mwenye kofia alikuwa amerudi mapema kutoka Isongole na kuiona pikipiki yake toka barabarani, bado amevaa kitenge cha msibani.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema kutoka chini.

"Marahaba. Umekula?"

Chileshe, akikohoa na kushika koo lake, alijaribu kufunga kifungo cha shati ambalo halikuwa na vifungo tena.

"Mulishani, bamayo," akasalimia.

"Wewe nyamaza kwanza." Shangazi alikuwa anamtazama Bashiri shingoni. "Ufunguo wangu unafanya nini hapo?"

"Nimeushinda kihalali, mama," Bashiri akasema, damu ikimshuka katikati ya nyusi. "Kwenye karata."

"Kwa nani?"

Wasomaji, nilikufa. Lakini Chileshe, Mungu ampe tairi zisizopasuka, akadakia.

"Mchezo haujaisha, bamayo! Mimi nacheza, nikurudishie. Nilisema leka, huyu anasema leta."

Akamwaga habari yote, nusu Kiswahili nusu Kibemba, na mikono yake yenye damu ikichora karata hewani. Shangazi alisikiliza bila kupepesa. Kisha akanisukuma kwa kiatu.

"Ondoka juu ya boksi."

Nikajiviringisha. Karata tano zilikuwa palepale, zimelowa jasho langu. Moja ilikuwa imeganda kwenye shati. Nikaibandua kwa uangalifu na kuirudisha mahali pake ikiwa kifudifudi, mikono yangu nikiionesha hadharani kama daktari.

Shangazi akachuchumaa. Akaigeuza kwanza ile ya benki iliyofunikwa.

Jeki ya kopa.

"Kingi na jeki," nikasema kwa sauti ndogo. "Ishirini."

Chileshe alinyong'onyea. Kumi na nane haili ishirini. Alikuwa amebamizwa kwenye bati la tela, amenyongwa, amepasuliwa mdomo, yote kwa ajili ya kutetea mkono ulioshindwa.

Bashiri akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa damu.

"Basi na iwe leka!" akasema. "Nimekubali, bwana, ulisema leka. Baki na kumi na nane zako. Jeki yangu, pikipiki yangu. Mnaona mimi si mtu wa ugomvi?"

Kidole cha Shangazi kilikwenda kwenye karata ya tatu ya Chileshe, ile iliyovunja pua ya Jairo, na kuipindua.

Tatu ya kopa.

Nilihesabu mara mbili. Kumi, nane, tatu.

"Ishirini na moja," nikasema.

Kicheko cha Bashiri kilikatika kama redio iliyokosa betri.

"Alisema leka," akasema haraka. "Wote mlisikia. Leka!"

Chileshe akasimama wima, mzee wa kanisa kwao Nakonde, mwimba besi. Akaweka mkono kifuani.

"Awe, mukwai. Nilisema leta."

Bashiri alimrukia kwa mguu mmoja. Chileshe alimpokea kwa ngumi, wakaanguka juu ya kreti, kreti likavunjika, Bashiri akamng'ata sikio. Shangazi akamshika Bashiri kidole kimoja, kimoja tu, kati ya vile vilivyovunjika, akakipinda kidogo kuelekea juu. Bashiri akafungua mdomo na kuliachia sikio.

"Nitauliza mimi," akasema Shangazi. "Wewe mwembamba. Jina?"

"Jairo, mama."

"Ulisikia nini?"

Jairo alikuwa amekaa kwenye vumbi, pua imevimba kama embe, jino bado kiganjani. Alimtazama Bashiri. Nikaona Bashiri akitikisa kichwa: leka, leka, leka. Jairo akafuta damu kwa mkono wa shati, bila haraka.

"Leta," akasema. "Bosi alinipiga mpaka nikasikia leta. Siwezi kulisahau tena."

"Na ninyi?"

Kwaya ikatazamana. Halafu mmoja, nyuma kabisa, akasema leta. Mwingine akasema leta. Nadhani walikuwa wanaona goti la Bashiri lilivyovimba, na kwamba siku ile hatanyanyua mtu.

"Aliyegawa ni nani?"

"Mimi, Shangazi."

"Ulisikia nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, ukweli na faida vilikuwa vimekaa kiti kimoja.

"Nilisikia leta," nikasema. "Naapa."

Shangazi akaikata kamba ya ufunguo shingoni mwa Bashiri kwa kisu cha miwa cha Chileshe. Chileshe akaichukua jeki yake, akaikumbatia. Nami nilikuwa nimeokoka. Pikipiki imerudi, kitanda kimerudi, Shangazi hajui. Nikaanza kutembea kinyumenyume kuelekea barabarani, taratibu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

"Mama," akasema Bashiri kutoka chini. Kiswahili chake kilikuwa kimerudi kuwa laini. "Uliniuliza ufunguo niliushinda kwa nani. Sijakujibu."

Nikasimama.

"Muulize mwanao, alining'inia wapi leo mchana, na kwa nini."

Shangazi akageuka. Akaniangalia jino. Akaniangalia kiuno kisicho na mkanda, suruali nimeishika kwa mkono. Akaitazama pikipiki, ilivyong'aa.

"Nilisema kuosha," akasema.

"Niliosha, Shangazi."

Nilisubiri kofia ngumu. Nilifunga macho, nikajikunja, nikatoa sikio la kulia ili angalau yawe sawa. Haikuja.

Nilipofungua macho, Shangazi Roda alikuwa amekaa juu ya gurudumu la akiba, kitenge amekikunja magotini, amezikusanya karata zote. Huyu ni mwanamke ambaye alisimama mbele ya usharika mzima na kuziita karata uchafu. Alizikata kwa mkono mmoja. Akazigawanya mafungu mawili, akazichanganya kwa vidole gumba, zikaingiana kwa mlio wa kanga anayeruka, akazifunga kwa pigo moja la kiganja. Hata Bashiri alisahau goti lake.

"Shangazi," nikasema, "umejifunza wapi...?"

"Kaa."

Nikakaa.

"Ukishinda, unalala kwangu, na neno hili halitatajwa tena. Nikishinda, Chileshe anageuza lori hili sasa hivi na kukufikisha uani kwa baba yako."

"Bamayo, foleni yangu..." akaanza Chileshe.

"Wewe nyamaza kwanza."

Karata zikaruka. Kwangu, kumi ya pau. Kwake, kingi, wazi, mwenye alama ya kidole cha damu usoni. Kwangu tena, sita. Kwake tena, imefunikwa.

Kumi na sita. Nilifundisha wengi mchezo huu, na kwa huo mkono sikuwahi kumpa mtu ushauri. Ukiongeza unapasuka. Ukibaki unamezwa.

Makuli walijisogeza. Jairo aliacha kutema damu. Nyuma yetu lori likawashwa, na birika sikioni likainua mfuniko wake.

Shangazi akainamisha uso karibu na wangu, karata moja tayari kati ya vidole viwili.

"Haya, mwanangu," akasema. "Leta au leka?"

Na mimi, mbele ya mashahidi wote wale, nilisikia neno lilelile mara mbili.